Uso wa Mwanamume Nao ni Ngozi

Katika mji wetu wa Babati, kinyozi ni zaidi ya kinyozi. Kwake ndiko tunakoihukumu serikali, tunakoamua ugomvi wa Simba na Yanga, na tunakowapima wanaume wenzetu. Siku moja ya Julai mwaka 2017 nilikuwa nimeketi kwenye benchi la kinyozi, si mbali na stendi, nikisubiri zamu yangu. Kijana mmoja aliyekwisha kunyolewa alitoa mfukoni kikopo kidogo cha mafuta, akajipaka usoni na shingoni, akakirudisha. Basi! Mzee mmoja akamwambia, "Bwana mdogo, harusi ni lini? Maana bibi harusi tumekwisha kumwona." Tukacheka wote. Nami nilicheka, tena kwa sauti. Kijana alilipa, akainamisha kichwa, akaenda zake.

Kicheko kile ndicho ninachotaka kukishitaki hapa, na mshitakiwa wa kwanza ni mimi.

Siku ile mdogo wangu alikuwa nasi pale kwenye benchi. Yeye ni mwendesha bodaboda, na wakati ule alikuwa akisumbuliwa na vipele vya ndevu kidevuni na shingoni. Miezi michache baadaye uso wake ulianza kutakata. Vipele vilinywea, ngozi ikang'aa, nasi tukamsifu kwamba sasa mambo yamemnyookea. Kumbe! Kabla ya mwaka kwisha ngozi ile ilikuwa nyembamba kama ganda la kitunguu. Ilitoka chunusi nyingi kuliko za kwanza, mashavu yakaiva, na jua la saa sita likawa adhabu kwake. Akiacha kupaka kwa siku mbili uso ulimwasha na kumchoma kana kwamba amepakwa pilipili, hivyo akarudia kupaka.

Aliponionyesha tyubu yake nilielewa. Ilikuwa dawa yenye steroidi kali, ya aina ambayo daktari huiandika kwa ugonjwa maalumu, kwa sehemu ndogo na kwa siku chache. Yeye aliuziwa bila cheti wala maelezo, akaipaka usoni kila asubuhi kwa miezi saba. Nilimwuliza kwa hasira kwa nini hakuuliza mtu kwanza. Akanijibu bila kunitazama: "Kaka, ningemwuliza nani? Siku ile mlipomcheka yule kijana, si nilikuwapo?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Ila tangu siku hiyo nimekataa kuamini kwamba dhihaka zetu ni mzaha tu. Mwanamume anayeogopa kuchekwa haachi kuutamani uso mzuri. Huutafuta kwa siri, na mtu anayenunua kwa siri hasomi karatasi ya maelezo, haulizi madhara, wala hamwoni mganga mpaka maji yamezidi unga.

Hebu tuwaulize hao wanaosema mafuta ni ya wanawake: desturi hiyo wameitoa wapi? Morani wa Kimaasai, ambao hakuna atakayethubutu kuwaita wanawake, wamejipaka mafuta na udongo mwekundu tangu enzi. Wanaume wa pwani wamejipaka mafuta ya nazi vizazi na vizazi. Mwislamu anayeswali sala tano hutia udhu, akanawa uso, mikono na miguu, wala hakuna aliyewahi kumwambia kwamba anajiremba. Babu zetu hawakuona aibu katika kuitunza ngozi. Aibu hii ni yetu sisi, nasi tunaiita mila ili isihojiwe.

Wengine husema, "Ngozi nyeusi ni ngumu, haihitaji kitu." Ni kweli kwamba rangi yetu hutukinga na jua kuliko ngozi nyeupe, lakini kukingwa si kusalimika. Babati iko karibu na ikweta, tena katika mwinuko wa zaidi ya mita 1,300 kutoka usawa wa bahari, na kadiri unavyopanda juu ndivyo miale ya jua inavyozidi ukali. Ongeza upepo wa kiangazi unaopeperusha vumbi chini ya Mlima Kwaraa, na baridi kavu ya Juni na Julai. Tabaka la juu la ngozi hushikilia maji kwa msaada wa mafuta yake ya asili. Sabuni kali huyaondoa mafuta hayo, upepo hunyonya maji, na ngozi hupauka, huwasha na kupasuka. Hapo ugumu uko wapi? Mwanamume mwenye kisukari aliyepasuka kisigino na asijali anaweza kuupoteza mguu kwa kidonda kilichoanza na ufa mdogo.

Tena wamo miongoni mwetu wanaume wasio na kinga hiyo kabisa. Hapa Tanzania inakadiriwa kwamba mtu mmoja kati ya 1,400 ana ualbino, na saratani ya ngozi huwaua wengi wao mapema. Pale Moshi, katika hospitali ya KCMC, kipo tangu mwaka 1992 kituo cha kufundisha wataalamu wa ngozi kinachohudumia nchi nyingi za Afrika, na hapo hapo hutengenezwa krimu ya kuwakinga na jua ndugu zetu hao. Je, kijana mwenye ualbino anayelima alizeti ataipaka mbele ya wenzake ikiwa kila apakaye huitwa bibi harusi? Kwake yeye kofia pana, mikono mirefu na krimu ile ni uhai wenyewe. Anayemcheka anamsukuma kaburini huku akidhani anatania.

Sasa nisije nikaeleweka vibaya. Sitaki wanaume waache dhihaka waangukie mikononi mwa wachuuzi. Maana upande wa pili wapo wanaotuambia kwamba pasipo chupa kumi mezani hatuna uso, na wabaya zaidi ni wale wanaouza weupe. Mkorogo hauchagui mke wala mume. Ndani yake huweza kuwamo haidrokwinoni, zebaki, au steroidi ile ile iliyomwunguza mdogo wangu, na zebaki huharibu figo. Sheria tunazo. Bunge lilipitisha Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi mwaka 2003, na tangu mwaka 2019 vipodozi viko chini ya Shirika la Viwango, TBS. Lakini sheria haiwezi kuingia ndani ya begi la kijana anayeficha tyubu chini ya shati. Sisi tunaoishi naye ndio tunaoweza, iwapo tutaacha kumtisha.

Utunzaji ninaousema mimi hauzidi dakika tano. Asubuhi nawa uso kwa maji na sabuni laini ya kuogea, si kipande cha sabuni ya kufulia kilichobaki bafuni. Jikaushe kwa kugusagusa, usisugue. Kabla unyevu haujakauka, paka mafuta kidogo: ya mgando yanafaa, na hata ya alizeti, ambayo shamba zetu zimejaa, hulainisha ngozi vizuri. Mwenye uso wa mafuta na chunusi apunguze, achague losheni nyepesi. Unapotoka, vaa kofia yenye ukingo, hasa kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni, na ukiweza paka kinga ya jua. Jioni osha vumbi la siku, paka tena, na usisahau visigino. Yamekwisha.

Na vipele vya ndevu? Vingi si uchafu wala laana. Nywele zetu zimejikunja, na zikikatwa karibu mno ncha yake hurudi ikachoma ngozi, ngozi nayo ikavimba. Dawa ya kwanza ni kuacha kukwangua. Mwambie kinyozi atumie mashine, aache nywele fupi badala ya kung'arisha, na asafishe mashine yake kabla hajakugusa. Ukilazimika kutumia wembe, uwe wako peke yako. Lainisha ndevu kwa maji ya uvuguvugu, kisha nyoa kwa kufuata zinakoelekea. Vipele usivitumbue. Visipopungua, nenda kwa mganga, na kama umekwisha zoea krimu kali, usikae nayo kimya. Mwambie ukweli ili akuelekeze namna ya kuiacha.

Najua atatokea wa kusema kwamba nchi ina matatizo makubwa kuliko nyuso za wanaume. Ni kweli, lakini mdogo wangu alikosa kazi kwa wiki nyingi kwa sababu hakuweza kukaa juani, na watoto wake walikula kwa mkopo. Tatizo dogo ni la yule lisilomgusa.

Uso wake umepona kwa sehemu kubwa, ingawa ulichukua zaidi ya mwaka mzima na madoa mengine yamebaki. Mimi nami sasa hubeba kikopo changu mfukoni. Nikimaliza kunyolewa hujipaka pale pale kwenye benchi, mbele ya wote, bila haraka. Wapo wanaonitazama. Wakitaka kucheka na wacheke, mimi ni mtu mzima, nitavumilia. Ninachotaka ni kwamba kijana aliyeketi pembeni akisubiri zamu yake aone kuwa jambo hili linaweza kufanywa hadharani, na kwamba yupo mtu wa kuulizwa.