Sehemu ya 6: Baba watoto anataka Subaru WRX

Mama zangu, jana dada mmoja wa huku huku Marekani kanifuata inboksi. Mtoto ana miezi minne, wananunua Subaru WRX mpya, na sasa wamenuniana: baba watoto anataka GT, dada anataka ya bei ya chini.

Mimi niko na dada. WRX ya 2024 ina matoleo matano, Base, Premium, Limited, TR na GT, na injini ni ile ile kwa yote: lita 2.4, turbo, nguvu za farasi 271. Hata farasi mmoja haongezeki! Hela inaenda kwenye viti, magurudumu na mbwembwe nyingine. TR na GT zina viti vya mbele vya Recaro, vile vinavyokubana mbavu. Una mshono wa upasuaji bado mbichi? Jaribu kuingia na kutoka humo, halafu uje unisimulie.

Nisichokubali kukikosa ni EyeSight, zile kamera zinazotazama mbele na kufunga breki wewe ukichelewa. Mwaka 2022 na 2023, WRX ya gia za mkono haikuwa nayo, hata ungeongeza hela vipi. Kuanzia 2024 zote zinayo, mpaka Base. Basi muuzaji akiwabembeleza na ya 2023 iliyobaki, ulizeni gia kwanza.

Na nendeni na kiti cha mtoto. Kifungeni siti ya nyuma, mtoto atazame nyuma, kisha baba watoto akae mbele yake. Magoti yakigonga dashibodi, tafuteni gari jingine.