Programu ya Bure Si Programu ya Ovyo

Siku hizi kamati ya mazishi ikikaa Mbumbuni, hapa Mbooni katika kaunti ya Makueni, kupanga bajeti, baada ya jeneza, tenti, viti na chakula hutajwa jambo ambalo kabla ya mwaka 2020 halikuwemo: kurusha ibada mubashara. Korona ndiyo iliyolileta. Serikali ilipozuia mikusanyiko na kusema mazishi yasizidi watu 15, jamaa waliobaki nje walilazimika kuzika kwa simu. Vizuizi vikaondoka, desturi ikabaki. Haikubaki kwa anasa. Ukambani ni nchi ya watu waliotawanyika, na hakuna boma lisilo na mtoto Nairobi, Mombasa, Riyadh au Doha ambaye hataweza kufika kaburini kwa mamake.

Hapo ndipo imani moja inapowatoa watu pesa bila sababu. Wanaamini kwamba kazi ya kuchanganya kamera mbili au tatu na kuzirusha kwenye YouTube au Facebook haifanyiki kwa programu ya bure. Kijana wa hapo sokoni akisema anatumia OBS Studio, programu isiyouzwa, anajibiwa kwamba rahisi ni ghali, na kazi inapewa watu wa mjini wenye gari lililoandikwa jina la kampuni. Maneno hayo husikika kwa wenyeviti wa kamati, kwa wazee wa kanisa, hata kwa walimu. Ninayapinga yote, tena bila kusitasita, kwa sababu hasara yake haiishii kwenye mfuko wa mfiwa.

Tuanze na programu yenyewe. OBS ilianzishwa mwaka 2012 na Hugh Bailey. Aliiachilia kwa leseni ya GPL, yaani yeyote anaruhusiwa kuitumia, kuusoma msimbo wake, kuubadilisha na kuugawa, mradi naye asiwafungie wengine mlango. Leo inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Kampuni kama Twitch na Nvidia zimeichangia fedha, si kwa huruma, bali kwa sababu watumiaji wao wengi huitegemea. Mwaka 2019 Logitech ililipa takriban dola milioni 89 kuinunua Streamlabs, kampuni ambayo programu yake kuu ilijengwa juu ya msimbo huohuo wa OBS. Desemba 2021 TikTok nayo ilitoa programu yake ya kurushia matangazo, na ikabainika kwamba ndani yake kulikuwa na msimbo wa OBS uliotumika bila kufuata masharti ya leseni. Kampuni tajiri kama ile, yenye wahandisi wasiohesabika, ilichukua kitu ambacho mzee wa kanisa Mbumbuni anakiita cha watoto.

Wala OBS haiko peke yake. Kule Ujerumani, kikundi cha wajitolea wa Chaos Computer Club kiliunda Voctomix, programu nyingine ya bure ya kuchanganya kamera, kwa ajili ya kongamano lao, kisha ikachukuliwa na watu wa Debian, mradi wa programu ya bure, kwa mikutano yao ya kila mwaka. Huko mhadhara mmoja baada ya mwingine huchanganywa na kurushwa na watu wasiolipwa, wengine wakiwa wamefundishwa hapohapo mkutanoni. Hakuna anayesema matangazo hayo ni ya ovyo.

Sasa niseme jambo ambalo wengi hawapendi lisemwe. Sehemu kubwa ya wanaodharau programu ya bure hawajawahi kununua ya kulipia. Wanaisifu vMix, na ni kweli ni programu nzuri sana, ya Australia, inayotumika Windows tu. Leseni zake zimekuwa zikianzia dola 60 kwa ile ndogo na kufika dola 1,200 kwa ile kubwa. Lakini ile inayozunguka kwenye flashi kutoka duka hadi duka ni nakala iliyovunjwa kufuli. Nakala ya aina hiyo haipati marekebisho kutoka kwa mwenyewe, mara nyingi huja na virusi, na hakuna wa kumlalamikia ikigoma bwana harusi akiwa anavishwa pete. Zaidi ya hayo, Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inazilinda programu za kompyuta jinsi inavyolinda vitabu. Kanisa linalohubiri usiibe halina haki ya kurusha mahubiri hayo kwa programu ya wizi, hasa ikiwa programu halali iko mezani na haidai shilingi.

Na ukiniuliza, mtu wa Mbooni ndiye wa mwisho aliyestahili kuamini kwamba kisicholipiwa hakina thamani. Matuta yanayoshika udongo wa vilima vyetu mengi yalichimbwa na mwethya: watu wa kijiji kimoja, majembe begani, leo shamba la huyu, kesho la yule, na hakuna aliyempelekea mwenzake ankara. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu kizima, More People, Less Erosion, kuhusu iliyokuwa wilaya ya Machakos, ambayo Makueni ilikuwa ndani yake hadi 1992. Walionyesha kwamba watu waliongezeka mara kadhaa huku ardhi ikitunzwa vizuri zaidi kuliko ilivyokuwa miaka ya 1930. Wataalamu wa dunia walikuja kujifunza kwa kazi isiyolipiwa ya bibi zetu. Programu huria kama OBS hujengwa kwa utaratibu huo: mmoja anarekebisha sauti, mwingine anatafsiri menyu, mwingine anaziba ufa aliouona, na matokeo yanabaki ya wote.

Kuna hoja moja ya upande wa pili ambayo ina uzito. Programu ya bure haiji na fundi. Ukiipakua ukaifungua dakika kumi kabla ya ibada, utaaibika. Ila hilo ni tatizo la maandalizi, na maandalizi yanafundishika. Acha nieleze yalivyo, ili mwenyekiti wa kamati ajue cha kumuuliza kijana.

Laptopu ya ex-UK, yaani iliyokwisha kutumika, yenye prosesa ya Intel inaweza kutosha, kwa sababu tangu 2011 nyingi zina ndani yake Quick Sync, kipande kinachobana video bila kuichosha prosesa. Kijana anayeacha OBS ibane kwa prosesa tupu, kisha anashangaa picha inakatika, hajautazama mpangilio wa kubana video. Kamera huingia kwa vifaa vidogo vya USB vinavyopokea HDMI, vile vya bei nafuu vinavyouzwa Luthuli Avenue, Nairobi. Viwili visichomekwe kwenye kigawanyio kimoja cha USB, vitanyang'anyana njia na kimoja kitazima. Simu inaweza kuwa kamera ya tatu. Kila mpangilio wa picha huandaliwa mapema: kwaya, mimbari, familia, maandishi yenye jina la marehemu na tarehe zake. Kuna hali iitwayo Studio Mode, inayomwonyesha mrushaji picha inayofuata kabla haijaenda hewani, ili mjane asionyeshwe akifuta machozi kwa sababu tu mtu alibofya vibaya.

Sauti ndiyo inayowashinda wengi, na ndiyo nitakayosisitiza. Usitegemee maikrofoni ya kamera iliyoko mita ishirini kutoka kwa mchungaji. Chukua waya moja kwa moja kutoka kwenye mikisa ya fundi wa sauti hadi kwenye laptopu. Sauti itawahi kufika kuliko picha, maana picha huchelewa kwenye kifaa cha USB, kwa hiyo icheleweshe kidogo ndani ya OBS mpaka midomo na maneno viende pamoja. Piga makofi mbele ya kamera, utazame, urekebishe. Kazi hii ifanyike siku moja kabla.

Umeme wetu tunaujua. Ukirekodi kwa MP4 ya kawaida na stima ikapotea, faili lote linaweza kuharibika. Ukirekodi kwa MKV, yote yaliyopita kabla ya giza yanabaki salama, na OBS yenyewe inaweza kuyageuza kuwa MP4 baadaye. Rekodi kwenye diski wakati uleule unaporusha, hata kama intaneti ni nzuri. Na intaneti ihesabiwe: ukirusha kwa kilobiti 2,500 kwa sekunde, saa moja inakula takriban gigabaiti 1.2 pamoja na sauti, kwa hiyo ibada ya saa tatu inakaribia gigabaiti nne. Mtandao ukiyumba, kuna kisanduku cha kuruhusu programu ipunguze kasi yenyewe badala ya kukata matangazo. Na yule anayerusha kwa mara ya kwanza kwenye akaunti mpya ya YouTube akumbuke kuiomba ruhusa mapema, kwani inaweza kuchukua saa 24.

Basi gharama ipo: laptopu, waya, bando, siku za mazoezi na malipo ya kijana mwenyewe. Kijana alipwe, tena alipwe vizuri. Ninachokataa ni kumlipa mtu wa mbali mara nyingi zaidi kwa kudhani pesa hizo zinanunua picha bora, wakati zinanunua petroli ya gari na jina lililochorwa mlangoni.

Jambo hili linavuka harusi na mazishi. Kaunti ya Makueni ilijijengea sifa, tangu ugatuzi ulipoanza 2013, kwa kuwashirikisha wananchi kwenye bajeti kuanzia kijijini hadi kaunti. Baraza la wadi likirushwa na vijana wa wadi, aliyeko Athi River au Dubai atasikia zahanati imetengewa nini na nani alipinga. Kaunti hiihii ndiyo yenye Malili, ambako serikali inajenga Konza, mji wa teknolojia wa taifa. Ni aibu tuwe na mji huo mlangoni, huku kijana wa Mbumbuni akikatazwa kugusa kamera ya kanisa lake kwa sababu programu yake haikununuliwa.

Vyuo vya ufundi vya kaunti vifundishe kazi hii pamoja na umeme na ushonaji. Makanisa yawape vijana funguo za chumba cha mitambo siku za wiki wafanye mazoezi. Na wewe mwenyekiti, kabla hujatia sahihi ankara ya watu wa mjini, mpe kijana wenu Jumapili mbili arushe ibada nzima, kisha umpigie simu mmoja wa watoto wenu walioko Riyadh umuulize aliona nini na alisikia nini. OBS Studio iko obsproject.com, ni bure, na huenda kompyuta iliyoko kwenye ofisi ya kanisa lako tayari inaiweza.