Mtaa wa 42 ulivyorudishwa kwa watoto

Watoto wengi wa Afrika Mashariki wanawajua Simba na Rafiki kutoka filamu ya The Lion King. Hadithi hiyo ilipopandishwa jukwaani New York mwaka 1997, ilioneshwa kwenye Mtaa wa 42, karibu na Times Square. Miaka michache tu kabla ya hapo, mtaa huo haukuwa mahali pa kupita na mtoto.

Mzazi anayejiuliza kwa nini mtaani kwake baa zimejaa na uwanja wa kuchezea hakuna, ana la kujifunza hapo.

Aliyeanza ni Oscar Hammerstein, mhamiaji kutoka Ujerumani aliyetajirika kwa biashara ya tumbaku. Mwaka 1895 alijenga ukumbi mkubwa eneo hilo, na mwaka 1900 akafungua mwingine, Republic, kwenye Mtaa wa 42 wenyewe. Mwaka 1904 treni ya chini ya ardhi ilifika, na uwanja ukapewa jina la gazeti la New York Times lililohamia hapo. Watu walifika kwa urahisi, na kumbi za maigizo zikapangana mlango kwa mlango.

Kisha uchumi ukaanguka mwaka 1929. Filamu zenye sauti nazo zilikuwa zimeingia, na tiketi yake ilikuwa nafuu kuliko ya mchezo wa jukwaani. Wenye kumbi wakatafuta mpangaji yeyote mwenye kodi. Mwaka 1931 Republic iligeuzwa ya maonesho ya wanawake wanaovua nguo. Mwaka 1942 ikawa sinema, ikaitwa Victory. Kufikia miaka ya 1970 ilikuwa ikionesha filamu za ngono, na nje dawa za kulevya zikiuzwa.

Hakuna kikao kilichokaa kuamua mtaa uharibike. Kila mwenye jengo aliangalia kodi ya mwezi, na familia zikaacha kwenda huko. Zilipoacha, hakukuwa tena na mteja wa kumdai kitu bora.

Mwaka 1990 serikali ya jimbo na ya jiji zilizichukua kumbi za mtaa huo. Saba kati yake zikakabidhiwa kwa shirika lisilo la faida. Swali likawa: waanze na upi, na uwe wa nani?

Walianza na Victory, ule ule wa Hammerstein wa mwaka 1900. Desemba 1995 ulifunguliwa upya kwa jina la New Victory, wenye viti takriban 500, kwa ajili ya watoto na familia zao. Palipooneshwa filamu za ngono, wanafunzi wakaanza kuingia na walimu wao kutazama maigizo na sarakasi.

Ukumbi huo haukufanya kazi peke yake. Jiji lilitunga sheria ya kuweka biashara za ngono mbali na shule na nyumba za ibada, na kampuni ya Disney ilipewa mkopo wa riba nafuu kufufua ukumbi jirani wa New Amsterdam, ambako The Lion King ilianzia New York.

Gharama nazo zilikuwepo. Maduka madogo na sinema za bei ya chini ziliondoka, mabango ya kampuni kubwa yakachukua nafasi. Leo tiketi ya igizo kubwa mara nyingi inapita dola 100, na familia nyingi za jiji hilo hilo haziimudu.

Hata hivyo, watoto walipewa jengo kwa sababu wakubwa walikaa mezani wakalitengea. Kwenye kikao kijacho cha mtaa, mzazi anaweza kuuliza swali lile lile: katika viwanja vilivyobaki, kipi ni cha watoto, na kimeandikwa wapi?