USHINDI WA KWANZA SI KOMBE

Mhariri, naomba nafasi katika jarida hili la chama chetu nitoe dukuduku langu kuhusu jambo ambalo limekuwa kama wimbo hapa shuleni muhula huu wa kwanza. Jambo lenyewe ni ushindi wa timu yetu ya mpira wa vikapu katika mechi ya kufungua msimu.

Tuliwashinda jirani zetu, tena kwao. Nani asiyefurahi? Mimi pia nilipiga makofi hadi viganja vikawaka moto. Lakini tangu siku hiyo hatupumui. Ukisimama kwenye foleni ya githeri, unasikia kombe la kaunti ndogo limeshanyakuliwa. Ukipanda matatu jioni, tayari tumefika mashindano ya kitaifa. "Huyu wetu mrefu, maze, nani atamkaba?" mmoja anauliza. "Hakuna! Hata wakimwekea watu wawili atawamaliza," mwingine anajibu. Mechi za kaunti ndogo zenyewe bado ziko mbele. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Maoni yangu ni haya. Ushindi wa mapema ni kipimo, si cheti. Aidha, sisi mashabiki tunabishana juu ya swali lisilofaa. Tunauliza nyota wetu atamshinda nani. Swali la maana ni hili: wapinzani watamtafuta nani kati ya watano wetu, na ni nani atakayemsaidia?

Msomaji mpendwa, usidhani nasema haya kwa wivu. Chukua mfano wa Golden State Warriors wa ligi ya NBA kule Marekani, msimu wa 2015-16. Timu hiyo ilianza kwa kushinda mechi 24 mfululizo, ilhali rekodi ya awali ya kufungua msimu katika ligi hiyo ilikuwa mechi 15. Msimu wa kawaida ulipokwisha walikuwa wameshinda 73 na kupoteza 9 tu, wakaipiku Chicago Bulls ya Michael Jordan iliyoshinda 72 na kupoteza 10 msimu wa 1995-96. Tarehe 18 Januari 2016 walikwenda Cleveland wakawacharaza wenyeji wao, Cavaliers, 132 kwa 98. Pointi 34, tena ugenini! Bila shaka kuna mashabiki waliolala usiku huo wakijua mambo yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Mwezi wa Juni timu hizo mbili zikakutana katika fainali ya mechi 7. Warriors wakaongoza kwa mechi 3 kwa 1, ikabaki moja tu. Cavaliers wakashinda zote tatu zilizosalia na kutwaa ubingwa. Hakuna timu iliyokuwa imewahi kutoka nyuma namna hiyo katika fainali ya NBA.

Walifanyaje? Hawakujiuliza tu ni nani atamzuia Stephen Curry, aliyekuwa mchezaji bora wa msimu huo. Walijiuliza pia Curry mwenyewe atamzuia nani. Mara kwa mara mchezaji aliyekuwa akikabwa na Curry alikwenda kusimama kama ukuta mbele ya mlinzi wa yule mwenye mpira. Walinzi wakilazimika kubadilishana, Curry alijikuta uso kwa uso na LeBron James au Kyrie Irving.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa katika mechi ya 7, tarehe 19 Juni 2016. Matokeo yalikuwa 89 kwa 89 na dakika ya mwisho ilikuwa imeanza. Irving alikuwa akikabwa na Klay Thompson. J.R. Smith akaja akasimama njiani, walinzi wakabadilishana, Irving akabaki na Curry. Akarusha kutoka nje ya mstari: pointi 3, zimesalia sekunde 53. Upande wa pili, Curry naye akabaki na Kevin Love, mtu mkubwa ambaye wengi walimwona mzito wa kukaba. Love hakukimbia. Alimfuata kushoto, akamfuata kulia, mpaka Curry akarusha na kukosa. Mchezo ukaisha 93 kwa 89.

Tazama basi. Mchezaji bora wa ligi aliwindwa kama mlango usiofungwa vizuri, na yule aliyedharauliwa ndiye aliyesimama imara saa ya mwisho. Ubishi wa "nyota wetu ni mkali kuliko nyota wenu" ungekusaidia nini hapo?

Huenda mwenzangu akaniuliza: "Kwani kushinda mapema ni dhambi? Si hao Bulls uliowataja walishinda 41 katika mechi zao 44 za kwanza na wakachukua ubingwa wa 1996?" Ni kweli. Hata Houston Rockets ya Hakeem Olajuwon, Mwafrika mwenzetu mzaliwa wa Lagos, Nigeria, ilishinda mechi 15 za kwanza za msimu wa 1993-94 na mwishowe ikawa bingwa. Lakini msimu uliofuata Rockets hao hao walimaliza wa sita upande wa Magharibi, na bado wakatwaa ubingwa wa 1995. Kwa hivyo ushindi wa mapema hauleti nuksi, wala hauleti kombe. Unakuonyesha tu ulipo siku hiyo. Tena unawaonyesha na wapinzani.

Nyumbani pia tuna somo. Februari 2021, kule Yaoundé, timu yetu ya taifa ya wanaume, Morans, iliifunga Angola 74 kwa 73 kwa mpira wa mwisho wa Tylor Ongwae. Angola wakati huo ilikuwa imeshakuwa bingwa wa Afrika mara 11! Kenya ikarudi kwenye mashindano ya AfroBasket kwa mara ya kwanza baada ya miaka 28. Tulikuwa na haki ya kushangilia mpaka sauti zikauke. Lakini Agosti mwaka huo huo, kule Kigali, Morans walitolewa na Sudan Kusini kabla ya robo fainali. Kuifunga Angola hakukuwaandikia mechi nyingine yoyote. Kila mechi huanza sufuri kwa sufuri.

Sasa nirudi kwetu, maana hapa ndipo panaponiuma. Katika ile mechi tuliyoshinda, tuna mwenzetu mmoja mfupi, ndiye anayeudunda mpira kuupeleka mbele. Kipindi cha pili wapinzani waligundua kimo chake. Wakawa wanampeleka mchezaji wao mrefu karibu na kikapu upande wake, wanampa mpira juu juu, anafunga. Walifanya hivyo mara kadhaa. Siku ya pili yake mashabiki wakambandika jina la "Mlango Wazi". Anaitwa hivyo kwenye ngazi, kwenye mfereji, hata darasani mwalimu akitoka. Wiki iliyofuata hakuonekana mazoezini siku mbili.

Nauliza, kosa ni la nani? Mpira wa vikapu huchezwa na watu watano. Mfupi akiwekewa mtu anayemzidi kimo, mwenzake wa karibu anapaswa kusogea na kumsaidia, na wa tatu azibe pengo lililoachwa. Siku hiyo mrefu wetu, yule tunayemwimbia, alibaki amesimama na mtu wake. Hakuna aliyembandika jina. Tunamhesabia mtu vikapu alivyofungwa, lakini hatumhesabii aliyekosa kusogea. Isitoshe, huyo tunayemcheka ndiye aliyeutuliza mpira robo ya mwisho walipokuja juu wakitaka kutunyang'anya. Asingekuwepo, huu ushindi tunaojivunia tusingekuwa nao.

Tena tukumbuke sisi ni shule ya kutwa. Wenzetu wa bweni wanaweza kufanya mazoezi alfajiri na jioni. Sisi tuna muda mfupi tu baada ya masomo, kabla giza halijaingia. Kuna wachezaji wanaotembea kwa miguu hadi nyumbani, na wakifika huko kuna maji ya kuchota na kazi za ziada za hisabati. Mtu anayejinyima hivyo kwa ajili ya jina la shule, halafu anaitwa Mlango Wazi, atarudi uwanjani kwa sababu gani? Timu yetu ina wachezaji wachache wanaoweza kuupeleka mpira mbele bila kunyang'anywa. Tukimpoteza huyu kwa midomo yetu, kwenye kaunti ndogo hatutakuwa na wa kumlaumu.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, tuache majina ya kejeli. Shabiki wa kweli huwashangilia wote watano pamoja na walio kwenye benchi. Pili, tunapobishana, tubishane kwa macho. Badala ya kusema "wetu atawamaliza", tuseme nani alimsaidia nani, nani alichoka robo ya tatu, na upande gani tulifungwa zaidi. Ubishi wa namna hiyo hata mkufunzi akipita anaweza kuokota neno la maana. Tatu, siku za mazoezi wachache wetu tubaki japo kidogo, tuokote mipira na kuwapa moyo. Shangwe za siku ya mechi ni tamu, lakini wachezaji wanazihitaji zaidi siku ya Jumatano hakuna mtu uwanjani.

Najua wapo watakaosema nimewaharibia raha. Sivyo. Furahini, imbeni, pigeni madebe! Ila tusimwage mtama kabla kuku hawajafika. Wapinzani wetu walikuwepo siku ile, na walio na akili waliandika. Wameshajua tunaposhindwa. Kilichobaki ni kuona kama siku watakapokuja kugonga mlango huo watamkuta mtu mmoja peke yake, au watawakuta watano. Umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu.

Wasalaam.

Mshabiki wenu,
Kidato cha Tatu