MAMBO YA NYUMBANI: "Lakini Alikubali Mwenyewe"



Juzi, kisha ibada, mama mumoja wa kambi alinifuata akilia. Binti yake wa miaka 16 iko na mimba. Kijana ana miaka 19, anachimba mawe kwenye kariere. Baba ya binti alitaka kitu kimoja tu: famili ya kijana ilete mbuzi na dola, mambo yaishe. Baba ya kijana naye akaniambia: "Pasta, hakumushika kwa nguvu. Binti alikubali mwenyewe."

Ndugu, neno hilo ninalisikia mara nyingi. Tuliangalie vizuri.

Zamani sheria ya inchi yetu ilihesabu miaka 14. Lakini tarehe 20 Julai 2006, Sheria namba 06/018 ilibadilisha hesabu. Mutu asiyetimiza miaka 18 ni mutoto, na kulala naye kunahesabiwa kuwa kumushika kwa nguvu, hata kama alikubali, hata kama yeye ndiye alianza kuandika barua. Sheria ya kulinda watoto ya tarehe 10 Januari 2009 iliweka kifungo cha miaka 7 mpaka 20, tena inakataza kuchumbia na kuoza mutoto. Code ya Famili ya mwaka 1987 iliruhusu binti kuolewa akiwa na miaka 15. Mwaka 2016 mulango huo ulifungwa: sasa ni miaka 18 kwa binti na kwa kijana.

Vijana, musikilize. Sheria haisemi kwamba miaka ikikaribiana hakuna kosa. Kijana wa miaka 17 anahukumiwa na tribunali ya watoto. Lakini siku anatimiza 18, anahesabiwa mukubwa, hata kama angali anavaa uniforme ya masomo na rafiki yake ana 17. Kupendana si kosa. Kuzungumza na kusaidiana masomo si kosa. Yakobo alimupenda Rakeli, na akangoja miaka 7.

Wazazi, kwetu kuko majaribu mawili. La kwanza ni kuficha: mbuzi zinakuja, binti anatumwa kwa bwana, basi. Mbuzi hazifuti sheria, na ndoa ile ni kosa la pili juu ya la kwanza. La pili ni kutisha: "Mulete dola elfu, ao tunaenda parke!" Mutu wa namna hiyo hatafuti haki ya binti yake, anatafuta bei. Musome Mwanzo 31, muone namna binti za Labani walivyolalamika juu ya baba yao na feza aliyokula.

Ninasema hivi kwa haya. Miaka iliyopita mimi mwenyewe niliombea mapatano ya namna ile. Binti alikuwa na miaka 15. Nilifikiri nimeleta amani. Aliacha masomo, na leo akinikuta njiani anapita ngambo ingine.

Kwa hiyo mara hii nilimwambia yule mama: binti aende kwanza hospitali kupimwa mimba, asitumwe kwa bwana, akizaa, arudi masomoni, na kesi iende kwa wenye kazi ya kuhukumu, isiuzwe chini ya muembe. Mimi si juge.

Kisha nikaenda kumuona kijana. Aliinamisha kichwa, akaniuliza: "Pasta, juu ya nini hakuna mutu alituambia mbele?"

Sikupata jibu. Tunahubiri juu ya zambi kila Siku ya Mungu, lakini hesabu ya 18 hatujaisema hata mara moja. Baba, mama, muiseme leo jioni, binti na kijana wakiwa wote kwenye meza. Musingoje mimba ndiyo iwafundishe.

Mungu abariki nyumba zenu.

Pasta wenu