Kisu Kisiguse Barafu ya Friza

Katika nyumba za kambini na za mitaani, friza ni chombo cha thamani, kinunuliwacho baada ya kuweka akiba kwa miezi mingi. Hata hivyo huharibiwa kwa dakika moja siku ya kusafishwa. Barafu imekuwa nene, droo haivutiki, na mama wa nyumba, au bwana aliyetoka zamu, hutwaa kisu na kuibandua kama abanduaye ukoko wa wali.

Ifahamike kwamba nyuma ya barafu hiyo hupita mirija myembamba yenye gesi ya ubaridi. Tundu moja dogo kama la sindano latosha kuimaliza gesi yote, na friza haipoi tena. Kuziba na kujaza upya ni kazi ya fundi hodari, wala si ya bei nafuu. Zaidi ya hayo, friza nyingi za siku hizi hutumia gesi iandikwayo R600a kwenye kibandiko cha nyuma. Hiyo haidhuru ozoni kama R12 ya zamani, iliyoondolewa kufuatia Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987, lakini hushika moto. Mshumaa na jiko la makaa visisogezwe karibu.

Barafu hutokana hasa na unyevu wa hewa iingiayo kila mlango ufunguliwapo, na katika miji ya kando ya ziwa, kama Entebbe na Jinja, unyevu huo ni mwingi. Ifikapo unene wa nusu sentimita, yafaa iyeyushwe, maana huzuia ubaridi kama blanketi na kuila pesa ya umeme bure.

Siku nzuri ni zile za mwisho wa mwezi kabla ya mshahara, ambapo friza yenyewe huwa karibu tupu! Plagi ichomolewe kabisa. Kuzima swichi peke yake hakutoshi. Vyakula vikusanywe pamoja, vifungwe kwa magazeti na blanketi, viwekwe penye kivuli. Matambara yatandazwe sakafuni, na watoto wasikaribie maji na waya. Kisha sufuria ya maji ya moto iwekwe ndani juu ya kitambaa kilichokunjwa, mlango ufungwe, na maji yabadilishwe kila baada ya dakika 10 au 15. Barafu italegea yenyewe na kuanguka mapande. Inayokaidi isukumwe kwa mwiko wa mbao, taratibu.

Ndani paoshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, kisha pakaushwe barabara, kwani tone lililosahauliwa ndilo barafu ya kesho. Mpira wa mlango nao upimwe: karatasi ibanwe mlangoni, na ikivutika bila kushikwa, mpira umechoka na hewa inaingia usiku kucha.

Friza iwashwe na kuachwa ipoe kwanza. Kipimo chake ni nyuzi 18 chini ya sifuri. Nyama au samaki aliye bado na chembe za barafu arudishwe. Aliyelainika lakini yu baridi apikwe siku hiyo hiyo. Sangara aliyekaa katika joto la chumba zaidi ya saa 2 atupwe, hata kama hajatoa harufu na hata kama alinunuliwa jana.