Bosi aenda semina, fundi wa seva abaki ofisini!

Wadau, leo naomba tuongelee jambo ambalo halina kelele kama siasa na mpira, ila likiharibika linatugusa wote: nani anafundishwa usalama wa kompyuta kwenye maofisi yetu?

Kila siku vijana wenzangu wanaingia intaneti kafe kuskani cheti cha kuzaliwa, namba ya NIDA na matokeo ya kidato cha nne, wanavituma kuomba kazi, mkopo au chuo. Ukishabonyeza "tuma", mambo yako yote yako mikononi mwa fundi usiyemjua, anayelinda seva usiyowahi kuiona. Yeye akiwa hajui kazi, utakayeumia ni wewe.

Sasa tuangalie mambo yanavyokwenda kibongobongo. Barua ya semina ya usalama wa mtandao ikija, anayeenda mara nyingi ni mkuu wa idara. Hoteli ipo, posho ipo, begi na kalamu vipo. Anarudi na cheti, kinatundikwa ukutani, basi. Yule anayeshika neno la siri la seva, anayepigiwa simu saa nane usiku mtandao ukikata, alibaki ofisini akibadilisha wino wa printa. Na hata akibahatika kwenda, anaenda peke yake. Mwaka unaofuata akipata kazi kwingine, ujuzi wote anaondoka nao.

Hoja yangu ni moja tu: mafunzo wapewe mafundi wenyewe, kwa pamoja, na juu ya mitambo ileile wanayoitumia kazini.

Tujifunze kwa yaliyowakuta wengine. Februari 2016 wezi walipenya kwenye kompyuta za Benki Kuu ya Bangladesh, wakatuma maagizo ya kuhamisha karibu dola bilioni 1 kutoka akaunti yake iliyoko New York. Dola milioni 81 zikaishia Ufilipino. Kumbe dalili ilikuwepo: printa inayochapa kumbukumbu za miamala iligoma, wafanyakazi wakadhani ni ubovu wa kawaida. Baadaye mpelelezi wa polisi wa huko alisema benki haikuwa na faiawoli, yaani ule ukuta wa kuzuia wavamizi, na ilikuwa inatumia swichi za mtumba za dola 10. Benki kuu ya nchi hiyo, jamani!

Usidhani ni umaskini tu. Machi 14, 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba tundu ndani ya Windows. Mei 12 kirusi kinachoitwa WannaCry kikapita kwenye tundu lilelile, maana wengi hawakuweka kiraka. Huko Uingereza taasisi zisizopungua 80 kati ya 236 za afya ya umma ziliathirika, na ilikadiriwa kuwa miadi ya wagonjwa zaidi ya 19,000 ilifutwa. Kabla ya hapo taasisi 88 zilikuwa zimekaguliwa usalama wa mitandao yao, na hakuna hata moja iliyofaulu. Pesa walikuwa nazo. Kilichokosekana ni mambo ya msingi kufanywa na watu wanaohusika, kwa wakati.

Hapa kwetu visingizio vimepungua. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Huwezi kuzilinda kwa cheti cha bosi.

Haya, yapangwe vipi? Mimi si bosi wa mtu, elimu yangu ni ya sekondari, lakini hesabu hizi hazihitaji digrii.

Kwanza, mkufunzi aje kwa mafundi. Ofisi ya Mbeya yenye mafundi 8 ikiwapeleka Dar inalipa nauli 8 na vyumba 8. Mkufunzi akienda Mbeya ni nauli moja na chumba kimoja. Wagawanywe wanne wanne, wiki hii kundi hili na wiki ijayo lile, ili kazi isisimame.

Pili, ofisi ndogo ziungane. SACCOS, shule, zahanati na duka la jumla, kila moja ina fundi mmoja au wawili. Zichangie darasa moja. Harusi tunachangia mamilioni kwa kamati na vikao kila Jumapili, hili linatushindaje?

Tatu, yafundishwe ya kazini: kuweka viraka mapema, kutunza nakala za akiba na kujaribu kuzirudisha, kusoma kumbukumbu za seva, kutambua barua pepe za kitapeli, na nani apigiwe simu wa kwanza mambo yakiharibika. Mazoezi ya kuvamia yafanyike kwenye mashine za mfano na kwa ruhusa ya maandishi, maana kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kuingia kwenye mfumo wa watu bila ruhusa ni kosa.

Nne, wasiachwe vijana wa mkataba na wa mafunzo kwa vitendo. Mara nyingi ndio wanaotumwa kushika mashine. Mwizi haulizi nani ameajiriwa kudumu.

Tano, baada ya miezi mitatu wapimwe. Izimwe seva ya majaribio, waambiwe wairudishe kutoka kwenye nakala. Hapo ndipo utajua kama hela ilifanya kazi au ililiwa na chai na sambusa.

Najua mabosi watasema, "Tukiwafundisha wataondoka." Sawa, wengine wataondoka, maisha ndivyo yalivyo. Ndiyo maana nasema wafundishwe kundi zima. Akiondoka mmoja wanabaki saba wanaojua. Hofu kubwa zaidi ingekuwa wasifundishwe halafu wabaki hapohapo miaka kumi, na funguo za taarifa zetu mfukoni.

Na tukio likitokea, tunajua nani huandikiwa barua ya kujieleza: fundi, siyo aliyekula posho. Mtu hajafundishwa, ila lawama ni zake. Hiyo siyo haki hata kidogo.

Wewe unayefanya Tehama ofisini, mara ya mwisho kupelekwa mafunzo ya usalama ilikuwa lini? Na wewe unayesomea fani hiyo, ukiitwa usaili waulize swali hilihili kabla hujasaini mkataba. Jamvi liko wazi, mwageni maoni. Matusi hapana.